Mali ya Serikali

Katika nchi yetu yako maneno matatu ambayo yamekata miti mingi kuliko shoka na kuvunja matumbawe mengi kuliko nanga. Maneno yenyewe ni "mali ya serikali". Mtu humwona jirani yake akitoka msituni usiku na gogo la mbambakofi begani, akageuza uso, akasema, "Ni mali ya serikali, mimi yanihusu nini?" Mvuvi humwona mwenziwe akikokota juya juu ya mwamba, na samaki wachanga wasiotosha kitoweo cha mtoto wakizolewa pamoja na majani ya bahari, naye husema vivyo hivyo. Mwanafunzi akiwa njiani kwenda shuleni hukuta kitanzi cha waya kimetegwa katika mapito ya paa. Hukiruka, akaenda zake. Ukimwuliza sababu ya kupita bila kusema neno kwa yeyote, atakujibu kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani: "Kuna askari wa wanyamapori, mwalimu. Hiyo ni kazi yao."

Nimekusudia kuyapiga vita maneno haya matatu. Nakuomba, msomaji, uniwie mvumilivu, maana huenda yamekwisha kukaa kinywani mwako pia, na hakuna mtu apendaye kuambiwa kwamba kinywa chake kina shoka.

Kwanza tuyatendee haki. Maneno hayo hayakuzuka bure. Zamani msitu ulikuwa na wenyewe. Wamijikenda walikuwa na kaya zao, na hata leo wanazo. Wazee wa kaya waliulinda msitu kwa mwiko na kwa desturi. Kijana hakuthubutu kukata hata fimbo pasipo idhini. Hapana mzee aliyelipwa mshahara kwa ulinzi huo, wala hapana aliyeuita kazi ya kujitolea. Ulikuwa ni sehemu ya kuwa mtu mzima. Mabaki ya misitu hiyo yametapakaa katika urefu wa kilomita 200 hivi za pwani yetu, na mwaka 2008 kaya kadhaa zilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Nenda Kaya Kinondo kule Kwale ukaone miti mikubwa iliyosalia. Kilichoihifadhi hakikuwa seng'enge wala bunduki.

Kisha ukaja utawala wa kikoloni. Misitu ilipimwa, ikawekewa mipaka, ikaitwa mali ya Taji la Uingereza. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ndio mkubwa kupita misitu yote ya namna yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki, ulitangazwa hivyo mwaka 1943. Mwindaji wa Kiwaata aliyerithi upinde wa babu yake alijikuta ameitwa jangili, hali mgeni mwenye bunduki na leseni aliitwa hodari wa kuwinda. Watu wakajifunza masomo mawili: la kwanza, kwamba msitu una mwenyewe, naye yu mbali, la pili, kwamba mali ya mtu aliye mbali huchukuliwa anapogeuza kisogo. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 bendera ilibadilishwa, lakini masomo hayo hayakufutwa ubaoni. Mwenye mali alibadili jina tu.

Basi chanzo nakifahamu. Lakini kufahamu chanzo cha ugonjwa si kuukaribisha nyumbani. Wakati tulionao si ule, na sheria tulizonazo si zile. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, yasema kwamba ni wajibu wa kila mtu kushirikiana na vyombo vya dola na watu wengine katika kulinda na kuhifadhi mazingira. Imesema kila mtu. Haikusema kila mtu mwenye sare, wala kila mtu mwenye mshahara. Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyofuata, zilikwenda mbele zaidi: ziliwapa wakazi wa kandokando ya misitu ruhusa ya kuunda vyama vyao na kuingia katika usimamizi wa msitu pamoja na serikali. Kwa hiyo asemaye "yanihusu nini" hana hata sheria ya kuegemea.

Tena na tuulize swali ambalo wenye maneno yale hawalipendi. Ikiwa msitu ni mali ya serikali peke yake, siku wakubwa wa serikali watakapotaka kuugawa, nani atasema la? Jambo hilo si la kubuni. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu wa Karura, ulio ndani ya jiji la Nairobi, ziligawiwa watu binafsi wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake waliingia humo na miche mikononi. Mwezi Januari 1999 walishambuliwa na genge la watu, naye Profesa akapasuliwa kichwa. Hakuwa askari wa misitu. Hakuna aliyempa zamu ya kulinda pale. Laiti angalisema kwamba msitu ni mali ya serikali, ingalikuwa kweli, na leo pangalikuwa na nyumba zenye mageti ya chuma mahali ambapo watu wa Nairobi wanatembea na watoto wao chini ya miti.

Hoja ya askari nayo tuitazame. Mbuga na hifadhi za taifa zimechukua kama sehemu nane tu katika kila mia ya ardhi ya Kenya, na wanyamapori walio wengi huishi nje ya mipaka hiyo, katika malisho na mashamba ya watu. Je, tutamweka askari katika kila boma? Arabuko-Sokoke peke yake una kilomita za mraba zaidi ya 400, na vijiji vimeuzunguka. Anayejua ni nani aliyenunua msumeno mpya juzi ni jirani. Askari hajui.

Wala si ulinzi tu. Hata elimu ya porini mara nyingi huletwa na wasiolipwa. Yuko ndege mmoja wa jamii ya mnana, aitwaye mnana wa Clarke, ambaye duniani kote hapatikani ila katika kaunti ya Kilifi. Kwa miaka mingi wataalamu hawakujua anazalia wapi. Viota vyake viligunduliwa mwaka 2013 katika ziwa dogo la majani huko Dakatcha, nao watu wa Dakatcha wenyewe, waliojiunga kwa hiari kuutunza msitu wao, walikuwamo miongoni mwa waliovigundua. Na kila mwezi wa Januari watu wa kujitolea huenda kwenye maziwa na mabwawa ya nchi hii kuhesabu ndege wa majini. Hesabu hizo ndizo zinazotuambia kama korongo na heroe wanapungua au wanaongezeka. Serikali ingelazimika kuwaajiri wote hao, isingeweza.

Sasa nataka nikupeleke Gazi, katika kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa, kwa sababu huko hoja yangu ina mizizi, na mizizi yenyewe yaonekana maji yakitoka.

Gazi ni kijiji cha wavuvi kando ya hori lenye mikoko. Najua kwamba wanafunzi wa bara hudhani mikoko ni mti mmoja. Si hivyo. Kuna mlilana, ambao husimama mbele kabisa na kupigwa na mawimbi. Kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya kaa. Kuna muia, mkandaa, mkomafi, na mchu ambao hupenda kukaa juu karibu na nchi kavu. Kila mmoja una mahali pake. Katikati ya mizizi hiyo hukua kamba na samaki wachanga; mti hupunguza nguvu za mawimbi yasile pwani; na chini katika tope jeusi hujikusanya ile hewa ya ukaa inayoipasha dunia joto, ikalala humo kwa karne nyingi mradi tope lisifukuliwe. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa ovyo iwe kuni za viwandani. Sehemu nyingine ilibaki tupu, mchanga mtupu, na mti haukurudi wenyewe.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa utafiti wa bahari, akiwamo James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Kazi hiyo si ya mchezo. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, ikaning'inia kama mshumaa wa kijani, na mpandaji huichomeka topeni wakati wa maji kupwa, ameinama, miguu imezama hadi magotini, na bahari haimngoji amalize mstari. Ukipanda mkoko mahali pa mchu hufa. Ukipanda mahali penye mawimbi hung'olewa usiku huohuo. Wengi walikufa, ikabidi kupanda tena. Baadaye, mwaka 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza kuuza ng'ambo haki ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko yao, katika mradi uitwao Mikoko Pamoja. Fedha zake zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Wanakijiji wenyewe ndio huketi kitako na kuamua zitumiwe wapi.

Hapa mpinzani wangu hunirukia. "Kumbe walilipwa!" husema. "Huko si kujitolea!" Ndugu yangu, hesabu miaka. Tangu mche wa kwanza hadi senti ya kwanza ilipita miaka zaidi ya 20. Mtu aliyekuwa akingoja malipo asingaliinama topeni hata siku moja, maana hakukuwa na aliyejua kwamba malipo yatakuja. Fedha zilikuta kazi imekwisha kufanywa.

Mfano wa pili ni mfupi zaidi, nao ni wa Kuruwitu, karibu na Vipingo katika kaunti ya Kilifi. Wavuvi wa huko waliona samaki wanakwisha. Juya zilikuwa zimekwangua mwamba, na joto la bahari la mwaka 1998 lilikuwa limeua matumbawe mengi katika pwani yote. Mnamo mwaka 2005 walifanya jambo ambalo mwenye njaa hulifanya kwa taabu: waliifunga sehemu ya bahari yao wenyewe, hekta 30 hivi, wakaiita tengefu, wakakatazana kuvua humo. Fikiri maana yake. Bahari ile ilikuwa chungu chao cha kupikia. Wako waliopinga vikali, na mimi siwalaumu, kwa kuwa hotuba haijazwi sahanini. Lakini samaki walirudi, wakakua, wakavuka mpaka wa tengefu na kuingia katika nyavu za waliongoja nje. Hakuna meli ya serikali iliyolinda mpaka ule usiku na mchana. Mpaka ulilindwa na macho ya wavuvi.

Nimeahidi haki, basi nami sina budi kuwageukia wale wanaolipenda mno neno kujitolea. Wako wakubwa wa kuhifadhi mazingira ambao hukaa ofisini penye feni, wakasafiri kwa magari mapya, kisha wakawahutubia wanakijiji juu ya utukufu wa kufanya kazi bure. Huo si wito, ni unyonyaji. Mwanakijiji anayeingia msituni usiku kusikiliza mlio wa msumeno astahili viatu, tochi na chakula, wala vitu hivyo visiitwe posho kwa dharau. Na ikiwa watalii wanalipa kuuona msitu alioutunza, sehemu ya malipo iende kijijini kwake. Kujitolea ni mtu kutoa kwa hiari yake. Asipolazimishwa na mwenye kufaidi ndipo pana hiari.

Vivyo hivyo simwendei mama wa Taita ambaye mahindi yake yameliwa na ndovu usiku mmoja nikamwambia awapende ndovu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia, na wengi wameingoja kwa miaka. Huko serikali ina deni, na ilipe. Lakini hata hapo watu hawakukaa bure. Huko Sagalla, karibu na mbuga ya Tsavo, wakulima hutundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akiugusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, hukimbia. Mkulima hubaki na mahindi, na asali juu yake.

Sasa nalifikia jambo linaloniudhi kupita yote, nalo ni sherehe ya kupanda miti. Unaijua. Hema hufungwa, vipaza sauti huletwa, fulana mpya hugawiwa. Mgeni wa heshima huja amechelewa, hushika jembe lililofungwa utepe, hutia mche katika shimo lililochimbwa na mwingine, hupigwa picha, hunawa mikono. Katika shule moja niliyopata kufundisha tulipandiwa hivyo mistari mitatu ya miche mbele ya ofisi. Hotuba zilikuwa nzuri. Likizo ilipokwisha, mbuzi walikuwa wamemaliza mstari wa kwanza na wa pili, na jua lilikuwa limekausha wa tatu. Mwaka uliofuata mgeni mwingine alialikwa, akapanda katika mashimo yaleyale.

Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili tupande miche milioni 100, katika safari ya kufikia miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Sikatai, siku hiyo mvua ilikuwapo na nia ilikuwa njema. Lakini mche ni kama mtoto mchanga. Hatumsifu mzazi kwa idadi ya watoto aliowazaa akawaacha njiani. Tangu miaka ya kwanza Chama cha Green Belt, alichokianzisha Profesa Maathai mwaka 1977, kilikuwa na kanuni ambayo ningependa kuiona imeandikwa juu ya kila hema la sherehe: akina mama walipewa fedha kidogo kwa kila mche ulioishi. Aliyechimba mashimo mia na kuacha miche yote ife hakupata kitu. Kwa kanuni hiyo wageni wangapi wa heshima wangeondoka na nauli?

Na kwa nini tupande tu? Pori lililo zima halihitaji mche wako. Lahitaji usilikate, usilichome, usitupe taka ndani yake. Hata kupanda kwenyewe kwaweza kuwa hasara. Wako waliokwenda kando ya chemchemi na kupanda mikaratusi, mti unaokunywa maji kama jeshi, kisha wakashangaa chemchemi imekauka. Kazi iliyo bora mara nyingi ni ile isiyopigwa picha: kung'oa magugu ya kigeni, kuzibua mfereji, kutembea mpakani Jumamosi hadi Jumamosi. Matembezi ya kutazama ndege yaliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, ambayo Bi Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miaka mingi, yalifanywa kila Jumatano, si kila mgeni alipofika. Waliokwenda waliona ndege wa jiji wakibadilika mwaka hadi mwaka, jambo ambalo mtu wa siku moja hawezi kuliona.

Najua neno utakaloniambia wewe, kijana msomaji. Utasema wewe ni mwanafunzi, huna ardhi, huna kura, na mtihani wakungoja. Nami nakujibu kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari za nchi hii, wakisaidiwa na walimu wao, ndio walioanzisha Vyama vya Wanyamapori vya Kenya, ambavyo vimo mashuleni hadi leo. Hawakuwa na kura wao pia, na mtihani uliwangoja vilevile. Pengine shule yako inacho chama hicho, na chama chenyewe hukutana mara moja kwa mwaka kugawana soda. Kama ndivyo, kifufue.

Anza na mahali pamoja, padogo, panapofikika kwa miguu: chemchemi, kijito, kilima, hori, hata mstari wa mikuyu nyuma ya soko. Waulize wazee pale palikuwaje walipokuwa na umri wako, ni mnyama gani aliyekuwapo na sasa hayupo. Uliza katika ofisi ya chifu ni nani mwenye ardhi hiyo, na ofisi ya misitu kama kuna chama cha wakazi ambacho shule yaweza kujiunga nacho. Pwani, uliza kikundi cha kusimamia ufuo. Nenda kila juma pamoja na wenzako na mtu mzima. Ukikutana na mwenye shoka usishindane naye. Tazama, rudi, toa habari. Ukiona kitanzi usikiguse peke yako, maana aliyekitega huenda hayuko mbali. Mlete askari mahali penyewe, na hapo ndipo yeye atakuwa na kazi ya kufanya.

Na muwe na daftari. Liandikwe tarehe, mvua, ndege mliowaona, vitanzi vilivyoondolewa, na miche iliyo hai. Ile iliyopandwa haina haja ya kuhesabiwa. Liwe daftari la shule, wala si lako, likae katika kabati ya maktaba. Utakapomaliza masomo yako utalikabidhi kwa mwanafunzi wa kidato cha chini, umwonyeshe njia ya kwenda pale mahali, na ni saa ngapi maji hutoka.